Sanduku la Tumboni, Furushi la Mkononi

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema aliniletea begi lake nilitazame. Anakwenda Umra na mumewe, ndege wanapandia papa hapa uwanja wa Port Reitz, na begi lenyewe lina magurudumu manne na kufuli ya namba. Nikalifungua. Niliyoyakuta humo sitayataja yote kwa kuwa namstahi mumewe. Nitasema tu kwamba mlikuwa na pasi ya umeme, viatu jozi nne na chupa tatu za manukato, na ihramu ya mume imelazwa chini kabisa, imekaliwa na pasi. Nikamwuliza begi hili atakaa nalo au atalitoa. Akasema atalitoa, linakwenda tumboni mwa ndege. Nikamwuliza, na ihramu mumeo ataivaa wapi? 

Ndiyo sababu naandika haya, enyi wajukuu zangu na wenzenu mnaocheka nikiomba kushika mizigo yenu. Mimi ni Mwanasiti wa Likoni. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, mahujaji wetu walipokuwa wakisafiri kwa meli kutoka Kilindini hadi Jidda, kazi yangu ilikuwa kuwafungia mizigo. Hakuna sanduku la hujaji lililovuka feri kutoka upande wetu bila kupita mikononi mwangu au mwa shangazi yangu Maimuna. Ndiyo, najisifu. Wa kunibishia karibu wote wamekwisha kufa, na walio hai hawathubutu.

Nyinyi mnapimiwa kilo. Sisi tulipimiwa safari. Hujaji alikuwa akiondoka nyumbani kwa miezi, na huko alijipikia mwenyewe. Kwa hiyo sanduku la bati lilibeba mchele, ng'onda wa papa aliyekaushwa, unga, tangawizi, pilipili manga, achari ya ndimu, stovu ya mafuta ya taa na sufuria zake, sabuni ya mche, makubadhi, mwavuli na kanzu za kutosha. Sanduku likishajaa tulilifunga kwa kamba ya usumba wa nazi, mafundo manne, nalo lilipelekwa bandarini siku moja kabla ya watu. Hilo ndilo sanduku la tumboni. Mume wangu alikuwa kuli wa Kilindini na aliniambia mapema sana katika ndoa yetu kwamba kinachoshuka tumboni mwa meli hakipandi tena mpaka Jidda, hata akilia nani. Halafu kuna furushi la mkononi, ambalo hujaji halitoi hata akienda kutawadha. Humo huingia msahafu, dawa, visheti vya njiani, na ihramu. Meli haisubiri Jidda ndipo watu wavae. Mahali pa kutilia nia panapitwa baharini, nahodha anapiga honi, na kila mwanamume anaoga na kujifunga zile nguo mbili nyeupe zisizoshonwa. Asiye nazo mkononi wakati huo atatazama wenzake.

Shangazi Maimuna alinifundisha kazi hii tangu nilipoolewa. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye mikono midogo na sauti isiyopanda. Kabla ya kukuruhusu ukaze kamba alikaa mlangoni, akafumba macho, akaanza kukuuliza. Tangawizi iko wapi? Dawa ya tumbo iko wapi? Ukisita tu, anakwambia mwaga chote uanze upya. Nimewahi kumwaga sanduku moja mara tatu kwa ajili ya sindano na uzi.

Jambo la pili alilonifundisha ni kunusa. Adui mkubwa wa sanduku ni harufu. Ng'onda akilala karibu na kanzu, hujaji ataswali miezi miwili akinuka kama soko. Sabuni mbichi ikikaa na mchele, wali utatoa povu. Shangazi alisema macho yanadanganyika lakini pua haidanganyiki, nami Mwenyezi Mungu alinijalia pua. Nilikuwa naweza kusimama juu ya sanduku lililofungwa nikakutajia kila kilichomo na kilipo. Watu walikuja kunitazama nikifanya hivyo kama wanavyokwenda kutazama mchezo.

Msidhani sikukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilimfungia mwenye duka mmoja wa Kisauni, nikaweka chupa ya achari ya embe bila kuikaza kwa nta. Kanzu zake sita zilifika Jidda zimekuwa manjano. Aliporudi alinisimulia kwamba watu wa huko walimwuliza kama hayo ndiyo mavazi ya kwao, naye kwa kuona haya akasema ndiyo. Kulikuwa na mzee mwingine aliyeshikilia kubeba pakacha la tende. Nilimwambia, ami, unakwenda zinakotoka. Akasema hizo hazijui, hizi amezizoea. Nikazifunga. Mwenye safari ni yeye, na tumbo ni lake.

Lakini kosa langu kubwa ni la mwaka mmoja kabla ya uhuru, na mtu niliyemkosea ni Mzee Hamisi, mkwezi wa minazi.

Mzee Hamisi alikuwa jirani yetu. Alikuwa amepanda minazi ya watu tangu ujana wake, nyayo zake zimekuwa ngumu na vifundo vya miguu vimechubuka vikapona vikachubuka tena. Kila aliposhuka kutoka kwenye mnazi na kuulizwa hali, alijibu kwamba bado kidogo, maana yake bado kidogo aende Makka. Watu walikwisha kuzoea jibu hilo mpaka wakalifanya utani. Mwaka huo akasema anakwenda. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wake wawili wa kike walikuwa wameolewa, na magoti yameanza kumgomea. Kama si mwaka ule, haikuwa tena. Hilo alilijua kila mtu.

Alikuja mwenyewe kwa Shangazi, akaomba mzigo wake nimfunge mimi. Alinitaja kwa jina. Kwa siku mbili sikukanyaga chini.

Na siku ya kufunga nikaamka na mafua. Pua zote mbili zimeziba, macho yanatoka maji. Ningemwambia Shangazi angechukua kazi ile mwenyewe, au angesema tungoje siku mbili, nasi hatukuwa na siku mbili. Sikumwambia. Nilijifuta machozi kwa ncha ya kanga nikasema ni moshi wa jikoni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wazee wetu wakienda Hija walibeba nguo nyeupe za namna mbili. Walibeba ihramu, nguo mbili za kuvaa. Na walibeba sanda yao wenyewe, nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, ili waifue kwa maji ya Zamzam na kurudi nayo, ije kuwazika siku yao. Zote ni bafta nyeupe, zote hazina mshono. Tofauti ni kwamba ihramu haipaswi kunukia kitu chochote, kwa kuwa mtu akishatia nia haruhusiwi manukato. Sanda, kwa desturi zetu, hufukizwa udi na kuwekewa karafuu maiti, yaani kafuri, katikati ya mikunjo. Mabinti wa Mzee Hamisi walikuwa wameifukiza sanda ya baba yao kwa mapenzi, na kwa udi mwingi.

Mimi napenda vitu vyangu vifanane. Nilizikunja ihramu na sanda kwa kipimo kimoja, nikaziviringisha kila moja katika kipande cha marikani, nikaziweka juu ya mkeka bega kwa bega. Zilipendeza. Kisha nikaitwa mlangoni kupokea ng'onda, na niliporudi sikujua ipi ni ipi. Siku nyingine yoyote ningeinama tu nikanusa. Siku hiyo niliinama na sikusikia kitu. Nilipima uzito kwa mikono, nikajiambia hii ndiyo, nikaitia furushini. Nyingine ikaenda chini ya sanduku. Aibu ya kufungua na kutazama kama mwanafunzi, mbele ya mabinti wa Mzee Hamisi waliokuja kuniona nikifanya kazi, ilinishinda.

Jioni Shangazi akakaa mlangoni, akafumba macho. Ihramu iko wapi? Furushini, nikajibu bila kusita. Nyumba yetu ilinukia udi siku zote, hata yeye hakuhisi lolote. Nikakaza kamba, mafundo manne. Kesho yake asubuhi mume wangu na wenzake wakalichukua sanduku.

Siku ya safari ilikuwa Jumapili. Usiku uliotangulia nilikuwa nimejifukiza kwa majani ya mwarubaini, na asubuhi pua ikafunguka. Nikaenda nyumbani kwa Mzee Hamisi nimevaa kanga mpya. Mtaa mzima ulikuwa pale, matwari yanapigwa, wanawake wanasoma dua, na Mzee Hamisi amesimama uani amevaa kanzu na koti, amenyolewa vizuri, anacheka na kila mtu. Mahujaji walitakiwa kuvuka feri kabla ya adhuhuri. Binti yake mkubwa akaniambia nimpe baba furushi lake kwa mkono wangu, kwa kuwa ndimi niliyelifunga.

Nikainama kulichukua, na karafuu maiti ikanipanda puani.

Nilisimama na furushi kifuani. Nitawaambieni ukweli, kwa kuwa mnaniona leo bibi wa kuswali na tasbihi mkononi. La kwanza lililonijia halikuwa Mzee Hamisi. Lilikuwa jina langu. Nilijiambia nikimpa na kunyamaza, ataondoka na dua zikiendelea, na atakayoyaona baharini atayaona mbali na mimi. Labda ataazima. Labda atasema ni binti zake waliochanganya. Nilifika mpaka hatua ya kunyoosha mikono, na Mzee Hamisi akanyoosha yake, akaniambia, "Mwanangu, Mungu akulipe. Wewe ndiwe ulonifikisha."

Mikono ikakataa. Nilimwambia, na nilisema kwa sauti kwa kuwa nilijua nikinong'ona nitarudi nyuma, "Ami, nalikosa. Humu muna sanda. Ihramu naliitia sandukuni, nayo i tumboni mwa meli."

Matwari yakanyamaza moja moja. Bibi mmoja nyuma yangu akasema ni kisirani, sanda kumtangulia mtu kutoka mlangoni. Mwingine akasema ikafuliwe mbio, lakini Mzee Hamisi alikwisha kulifungua furushi na kuinusa mwenyewe, akatikisa kichwa taratibu, udi ule usingetoka kwa kufuliwa mara moja. Mtu akatumwa dukani. Nguo nyeupe za upande wetu zilikuwa zimenunuliwa zote na mahujaji wa mwaka ule, zilizobaki ni kaki na maua, na mjini maduka yamefungwa kwa Jumapili. Mzee Hamisi hakunikemea. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichokuwa karibu, akaweka mikono magotini, na cheko lote likamtoka usoni. Ningependa angenipiga. Mwishowe akasema kama hivyo ndivyo alivyoandikiwa, basi, labda ni mwaka mwingine. Na sote tuliokuwa pale tulijua hapana mwaka mwingine.

Sikumwona Shangazi akiondoka. Nilimwona akirudi, anapita katikati ya watu na kitu kimefungwa kwa kanga kuukuu. Akakifungua mbele ya Mzee Hamisi. Zilikuwa nguo nyeupe, tano, zimekunjwa kwa mkunjo wake mwenyewe, na hazikunukia chochote ila sabuni ya zamani. Akatoa mbili zilizo kubwa.

"Hizi ni za sanda yangu," akasema. "Sikuzifukiza. Mtu hajifukizii mwenyewe, hiyo ni kazi ya watakaobakia. Tukua wende nazo."

Mzee Hamisi akasema hawezi. Akamwuliza, "Maimuna, na ukitangulia kabla sijarudi?"

"Nizikwe kwa yako, si hiyo imekaa?"

"Yangu ni ya mwanamume. "

"Basi ntatekwa mpaka kaburini," Shangazi akasema, yaani watu wamcheke. "Ondoka, feri yangoja."

Watu wakacheka, na wengine wakilia humo humo. Nilizifunga zile nguo mbili furushini mimi mwenyewe, na Shangazi akanisimamia mpaka fundo la mwisho. Alinusa kila kitu kilichoingia. Mzee Hamisi akavuka.

Mnafikiri hapo nilipumzika? Mwezi wa pili wa safari ile Shangazi akapatwa na homa. Ilianza kama homa ya kawaida kisha ikamlaza, na ikafika siku hata uji haupiti. Mimi ndiye niliyemuuguza. Nilikaa ubavuni mwake nikimkanda kwa maji, na sanda ya Mzee Hamisi aliyotuachia ilikuwa juu ya kabati, inanukia chumba kizima. Mwanamke yule alikuwa ametengeneza sanda yake kwa mkono wake, ameikunja na kuiweka, na kwa sababu ya pua yangu iliyoziba na mdomo wangu ulioziba zaidi, angezikwa na nguo mbili za mtu mwingine. Nilimwomba radhi kila siku. Siku moja akafumbua macho akaniambia nikimwomba radhi mara nyingine atakufa kusudi. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitazamia. Alisema mafua yangu aliyajua tangu siku ile ya kufunga, angejuaje moshi wa jikoni na mimi sikuwa napika? Alikuwa anangoja niseme. Alipoona sisemi, alifikiri kazi imeniharibu. "Uliposema pale uani," akanambia, "nalijua haikukuharibu."

Homa ikamwacha polepole. Alikuwa ameanza kukaa kibarazani na kukosoa ninavyofagia, siku ile meli ya mahujaji iliporudi.

Mzee Hamisi hakwenda kwake kwanza. Alitoka kwenye feri, mabinti zake na mtaa wakimfuata na matwari, akaja moja kwa moja mpaka barazani petu na furushi la mkononi. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi kwa jua, na kichwa kimenyolewa. Alitoa salamu, akaketi chini, akaweka zile nguo mbili mapajani mwa Shangazi.

"Maimuna," akamwambia, "hizi zimetufu Kaaba, zimesimama Arafa, zimelala Muzdalifa. Nimezifua kwa Zamzam, na sikuzitia harufu yoyote."

Shangazi alizishika. Aliwafungia wengine mizigo zaidi ya nusu ya maisha yake na hakuwahi kwenda, hakuwa na wa kumpeleka, na sikuwahi kumsikia akilitaja hilo. Alizikunjua kidogo, akazirudisha kwenye mkunjo wake, akauliza, "Zilikutosha?" Mzee Hamisi akasema zilimtosha, ila bega la kulia lilikuwa wazi likaungua. Shangazi akamwambia bega la kulia ndivyo linavyotakiwa wakati wa kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, ila wakati mwingine wote alikuwa anajifunga vibaya. Kisha akainamisha uso kwenye zile nguo, akazinusa.

Mwaka uliofuata nilikaa nikijua hakuna atakayeniletea sanduku. Niliwaambia hata wenye kamba wasiniletee. Walikuja. Walikuja kutoka kwetu, kutoka Kisauni, na kwa mara ya kwanza kutoka Changamwe. Yule mwenye duka wa kanzu za manjano alimleta kaka yake. Nilimwuliza haogopi, akasema anayemwogopa ni mfungaji ambaye hajakosea, maana huyo hujui akikosea atafanyaje. Tangu hapo nilifungua na kutazama kila kitu kwa macho hata pua ikiwa wazi, mbele ya yeyote, na sikuona haya. Hilo, wajukuu zangu, ndilo la kuchukua katika maneno yangu yote, na Rehema, pasi ya umeme iache nyumbani.

Shangazi aliishi akauona uhuru, akaona na bendera mpya, akasema rangi zake zinatoka haraka zikifuliwa. Alifariki mwaka uliofuata, alfajiri, bila kusumbua mtu. Sanda yake nilikuwa nayo mimi. Niliifungua peke yangu nikaifukiza udi, mwingi kupita kipimo, na nikaweka karafuu maiti katika kila mkunjo, kwa kuwa sasa kazi ilikuwa ya waliobakia. Wanawake wakaja kuosha. Mwosha alikuwa mama mkali wa Mtongwe ambaye hakumwamini mtu, alikuwa akihesabu hata pamba. Akauliza sanda i wapi, imefungwa na nani.

Nikamwambia imefungwa na mimi.

Akanyoosha mikono akaipokea, akaiweka pembeni bila kuifungua, akaendelea kumwosha shangazi yangu.